Kisasi Jukwaani na Haki ya Umma: Hamlet Mbele ya Wananchi wa Songwe

UTANGULIZI

Katika madarasa ya itikadi na katika shule zetu za sekondari huulizwa mara nyingi swali hili: tamthilia za zamani za Ulaya, zilizotungwa katika enzi za wafalme na makabaila, zina faida gani kwa mkulima wa kahawa wa Mbozi au kwa kijana mbeba mizigo wa Tunduma? Swali hili ni la haki. Wala halijibiwi kwa kusema kwamba mtunzi wake ni mashuhuri, kwani umashuhuri si hoja. Kazi ya sanaa hupimwa kwa jinsi inavyomsaidia binadamu kuielewa hali yake na kuibadili.

Katika makala haya tutachambua tamthilia moja ya kisasi, nayo ni Hamlet, iliyoandikwa na Mwingereza William Shakespeare yapata mwaka 1600. Tutaangalia jinsi ilivyogeuzwa na kuigizwa katika nchi mbalimbali, na jinsi suala hilohilo la kisasi lilivyoletwa katika jukwaa la Kiswahili. Hoja yetu ni moja. Kisasi hakizuki kwa sababu watu fulani wana damu ya moto. Kisasi huzuka pale ambapo mwenye kudhulumiwa hana mahali pa kupeleka malalamiko yake. Kwa hiyo anayetaka kukomesha kisasi hapana budi aanze kwa kuuchunguza mlango wa haki: uko wazi, au umefungwa, na nani ameshika ufunguo wake.

MWANA WA MFALME ASIYE NA HAKIMU

Hadithi yenyewe ni ya kale kuliko Shakespeare. Mwanahistoria wa Denmark, Saxo Grammaticus, aliiandika kwa Kilatini karibu na mwaka 1200. Katika masimulizi yake, kijana Amleth hujifanya mwendawazimu, humwua baba yake mdogo aliyemwua baba yake, kisha hutangazwa mfalme. Hapo kisasi ni ushujaa mtupu. Hakuna swali, hakuna majuto.

Shakespeare aliichukua hadithi hiyo wakati ambapo tamthilia za kisasi zilikuwa zikipendwa sana London, hasa baada ya ile ya Thomas Kyd iliyohusu kisasi huko Hispania. Lakini aliibadili mahali penye uzito. Katika tamthilia yake, mzimu wa mfalme aliyefariki unamweleza mwanawe Hamlet kwamba alitiwa sumu na ndugu yake, Claudius, ambaye sasa ameshika kiti cha enzi na kumwoa mjane Gertrude. Hamlet anatakiwa alipize kisasi. Anasitasita, anachunguza, anawatumia waigizaji ili kumnasa mwuaji kwa mchezo, na mwisho wake ni maafa.

Wachambuzi wengi wa Ulaya wameuliza kwa nini Hamlet anachelewa, wakatafuta jibu ndani ya nafsi yake. Sisi tunauliza swali jingine: angekwenda wapi? Mkosaji ndiye mfalme. Mfalme ndiye hakimu, ndiye mkuu wa majeshi na ndiye anayewalipa wapelelezi. Shahidi ni mzimu, ambaye hawezi kuitwa kizimbani. Kumshtaki Claudius mbele ya Claudius ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Katika hali kama hiyo mtu hubakiwa na njia mbili tu, kunyamaza au kuua, na Hamlet anateseka kati ya hizo mbili kwa sababu jamii yake haikumpa ya tatu.

Tazama sasa gharama yake. Polonius anachomwa upanga nyuma ya pazia kwa kudhaniwa mtu mwingine. Binti yake Ophelia anarukwa na akili na kufa maji. Kaka yake, Laertes, naye anadai kisasi cha baba yake, na hivyo mlipiza kisasi anakuwa mwenye kulipiziwa. Rafiki wawili wa Hamlet wanapelekwa kuuawa Uingereza. Kisha Gertrude, Laertes, Claudius na Hamlet mwenyewe wanakufa katika ukumbi mmoja. Na nani anaichukua nchi? Ni Fortinbras, mwana wa mfalme wa Norwe, anayeingia na jeshi lake na kukikuta kiti kitupu. Nyumba iliyojimaliza kwa kisasi imekabidhi nchi kwa mgeni bila vita. Hili ni somo la kisiasa ambalo lisingepaswa kumpita kada yeyote.

Wala Shakespeare hakuwa wa kwanza kuliona tatizo hili. Mwaka 458 kabla ya Kristo, Mgiriki Aeschylus alionyesha huko Athens tamthilia tatu zinazofuatana juu ya ukoo mmoja uliouana kizazi hata kizazi. Mwisho wake si upanga. Ni baraza la wananchi linaloketi, linasikiliza pande mbili na kupiga kura. Na miungu wa kike wa kisasi hawafukuzwi. Wanapewa makao chini ya mji. Yaani hasira ya aliyedhulumiwa haikudharauliwa, bali iliwekwa chini ya chombo cha umma.

HAMLET MBELE YA WAZEE WA AFRIKA

Tamthilia hii imeigizwa karibu kila pembe ya dunia, na kila jamii imeibadili pale ilipoguswa zaidi. Moscow, katika ukumbi wa Taganka, Yuri Lyubimov aliionyesha kuanzia mwaka 1971, na Vladimir Vysotsky akaigiza Hamlet mpaka alipofariki mwaka 1980. Katika onyesho hilo pazia zito la sufu lilikuwa likitembea jukwaani na kuwasukuma watu, kama mamlaka isiyoonekana uso. Watazamaji walielewa.

Huku Afrika, Joe de Graft wa Ghana aliihamishia tamthilia hii Tongo, kaskazini ya nchi yake, akampa mwana wa mfalme jina la Hamile. Ilipigwa filamu katikati ya miaka ya 1960. Maneno mengi ya Shakespeare yaliachwa, lakini mavazi, ngoma, majina na jumba la chifu vilikuwa vya Waafrika. Baadaye de Graft alifundisha Nairobi, na mwaka 1975 tamthilia yake ya Muntu ilitungwa kwa ajili ya mkutano mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni uliofanyika huko. Hivyo mtu aliyempa Hamlet ngozi ya Kiafrika aliishi na kufanya kazi katika Afrika Mashariki yetu.

Jambo la kuvutia zaidi liliandikwa na mwanaanthropolojia Laura Bohannan mwaka 1966. Aliwasimulia wazee wa Wativ wa Nigeria hadithi ya Hamlet, akiamini kwamba binadamu wote wangeielewa kama anavyoielewa yeye. Wazee walimsahihisha. Kwanza, walisema, Claudius alifanya vyema kumwoa mjane wa kaka yake, maana nani mwingine angemlimia mashamba? Pili, kijana hana ruhusa ya kumwinulia mkono baba yake mdogo. Kama kuna kosa, alipaswa kuwaendea wazee wa rika la baba yake, wao ndio wangelishughulikia.

Wasomi wengi wameifanya habari hiyo kichekesho, au mfano wa tofauti za mila. Tukiitazama vizuri, tutaona kwamba wazee wale waligonga penyewe. Walikuwa wanauliza swali letu: kwa nini kijana huyu hana baraza? Waliona pengo ambalo mabingwa wa Ulaya walilitafuta ndani ya moyo wa Hamlet kumbe liko nje, katika muundo wa utawala.

MJANE NA FIDIA KATIKA UKANDA WETU

Sasa turudi nyumbani. Mkoa wa Songwe uliundwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa. Lakini historia ya watu wake, Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali na wengineo, ni ndefu. Mwishoni mwa karne ya 19 ukanda huu ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ulisumbuliwa na uvamizi na biashara ya watumwa. Kisha mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ukapitisha mpaka kati ya maziwa hayo mawili, na Wanyamwanga wakajikuta wako chini ya mabeberu wawili.

Kutoka katika zama hizo tumeachiwa maisha ya mwanamke aliyeitwa Narwimba. Yaliandikwa na mmisionari wa Kimoravia, Elise Kootz-Kretschmer, na baadaye yakachambuliwa na mwanahistoria Marcia Wright katika kitabu chake cha mwaka 1993. Narwimba alipofiwa na mumewe, yeye mwenyewe alimwomba jamaa wa marehemu amrithi. Hakufanya hivyo kwa tamaa. Mwanamke asiye na mwanamume wa kumkinga, katika nchi ya wavamizi na wafanya biashara ya watu, aliweza kukamatwa na kuuzwa pamoja na watoto wake. Katika ukanda huohuo, kosa la kijana mmoja liliweza kulipwa kwa kumtoa binti wa ukoo wake. Fidia ilizuia ukoo kuuana na ukoo, hilo ni kweli, lakini bei yake ililipwa na wasichana.

Msomaji akimkumbuka Narwimba hatamhukumu Gertrude haraka kama mwanawe alivyomhukumu. Atauliza: mjane yule wa Denmark alikuwa na njia gani nyingine? Tanzania ilijibu swali hilo kwa sheria. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba mjane yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na amtakaye, hata kama mila inasema vingine. Kwa kifungu hicho kimoja, sababu mojawapo ya kisasi cha Hamlet imeondolewa mikononi mwa ukoo na kuwekwa mikononi mwa mwanamke mwenyewe.

Njia nyingine ya kutafuta haki katika nyanda hizi ilikuwa mwavi. Kifo kilipotokea na mtu akatuhumiwa kwa uchawi, alinyweshwa sumu ya mti huo. Akitapika alihesabiwa hana hatia, akifa alihesabiwa amejihukumu. Wakoloni walipiga marufuku mwavi, na sheria ya uchawi ya mwaka 1928 ikakataza watu kutuhumiana. Lakini ukoloni ulikataza bila kujenga. Uliacha hofu palepale ilipokuwa, ukaondoa baraza lililoishughulikia, na mahali pake ukaweka bomani mgeni asiyejua lugha wala chanzo cha ugomvi. Hatusemi kwamba mwavi ulikuwa haki. Tunasema kwamba mlango mbovu uling'olewa na ukuta ukajengwa mahali pake.

KISASI KATIKA JUKWAA LA KISWAHILI

Uhuru ulipopatikana, jukwaa la Kiswahili lilianza kulishughulikia suala hili. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa kiongozi wa taifa, alitafsiri Juliasi Kaizari, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969; na mwaka huohuo wa 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968, kisha Mfalme Edipode ya Mgiriki Sophocles mwaka 1971. Tukizitazama tatu za Shakespeare kwa pamoja, tutaona kwamba kila moja inauweka mbele yetu uso mmoja wa kisasi.

Uso wa kwanza ni wa umati. Katika Juliasi Kaizari, baada ya hotuba ya mazishi, wananchi wa Roma wanatoka mitaani kuwatafuta wauaji wa Kaizari. Wanakutana na mshairi aitwaye Cinna. Jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Anawaeleza kwamba yeye siye, yeye ni mshairi tu. Wanamwua hivyohivyo. Ni onyesho fupi mno, na waigizaji wengi wameliruka ili kuokoa muda. Kwetu sisi ndilo la kwanza kuchezwa.

Uso wa pili ni wa kisasi kilichovaa joho la sheria. Katika Mabepari wa Venisi, Shylock ametukanwa na kutemewa mate kwa sababu ya dini yake. Anapopata nafasi hachukui kisu gizani. Anakwenda mahakamani na mkataba, anadai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake. Mahakama inamzuia. Lakini mahakama hiyohiyo inamnyang'anya mali na kumlazimisha kubadili dini. Sheria iliyozuia kisasi chake nayo ikamlipizia kisasi. Tena Mwalimu hakuandika bepari mmoja katika jina la kitabu, aliandika mabepari. Kwa herufi chache tu, mji mzima wa wafanya biashara umewekwa kizimbani, si Myahudi peke yake.

Uso wa tatu ni wa kisasi kinachogeuka ukombozi. Katika Makbeth, Macduff anauliwa mke na watoto wote na mtawala dhalimu. Anapopata habari hizo yuko pamoja na watu wanaopanga kuiokoa nchi, na uchungu wake unaingia katika mpango huo. Anamwua dhalimu, lakini hakai katika kiti chake.

Mwaka 1969 pia ilitoka Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, inayohusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Humo watu wamechoka na mashamba ya pamba, viboko, na kuchukuliwa kwa binti zao na mnyapara. Wanataka kulipiza leo hii. Kinjeketile anataka kwanza umoja na maandalizi. Hasira ya wananchi ni ya haki kabisa, na mwandishi hawacheki hata kidogo. Lakini anaonyesha pengo kati ya hasira na chombo cha kuiongoza. Kwa maoni yetu, hapo ndipo tamthilia ya Kiswahili ilipoipita Hamlet. Hamlet anahangaika peke yake. Katika Kinjeketile anayehangaika ni umma.

ISIMANI: FUNZO LISILOPASWA KUSAHAULIWA

Ingekuwa kujidanganya kudhani kwamba baada ya uhuru milango yote ilifunguka. Vyombo vilijengwa, ni kweli. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yaliondolewa, na mfumo mmoja wa mahakama, kuanzia Mahakama ya Mwanzo, ukawekewa sheria. Mwaka 1969 yakaanzishwa mabaraza ya usuluhishi, na mwaka 1985 ikapitishwa sheria ya Mabaraza ya Kata. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwapiga viongozi marufuku kuwa na majivuno, dharau na uonevu.

Hata hivyo, tarehe 25 Desemba ya mwaka huohuo wa 1971, huko Isimani, Mkoa wa Iringa, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi na kumwua Mkuu wa Mkoa, Dokta Wilbert Kleruu, baada ya majibizano shambani. Kisha yeye mwenyewe akaupeleka mwili polisi na kujisalimisha. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ilimtia hatiani na kumhukumu kifo.

Kuna wanaomsimulia Mwamwindi kama shujaa, na kuna wanaomsimulia kama adui wa umma tu. Masimulizi yote mawili ni ya Saxo Grammaticus: shujaa na mwovu, basi. Kiongozi aliuawa, na hakuna ugomvi wa shamba unaohalalisha mauaji. Lakini kada anayejifunza hataishia hapo. Atauliza kama ugomvi kati ya mkulima na kiongozi ulikuwa na kikao cha kuusikiliza kabla haujafika kwenye bunduki. Na ataona jambo la pili: kesi ile ilisikilizwa hadharani, mtuhumiwa akitetewa, wala hakukabidhiwa kwa umati. Hapo dola haikulipiza kisasi, ilihukumu.

TUNDUMA YA LEO NA CINNA

Tunduma ni mji wa njia. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 na iliyokabidhiwa mwaka 1976, inavuka mpaka hapo. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo. Na tangu mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha kinahudumia pande zote mbili, Tunduma na Nakonde. Watu hutoka kila mkoa na kila nchi jirani. Hilo ni jambo jema. Lakini mji wa wageni una hatari yake: hauna wazee wanaojulikana na wote. Sauti moja ikipiga kelele "mwizi!", wanaokimbilia hawamjui anayeshtaki wala anayeshtakiwa. Hapo ndipo Cinna hufa, na matairi huwa tayari.

Vijijini hali ni nyingine lakini mzizi ni uleule. Mtoto anapofariki ghafla, macho hugeukia kwa bibi kizee jirani. Mauaji ya watu wanaotuhumiwa uchawi, na wananchi kujichukulia sheria mikononi, ni mambo yaliyoendelea katika nchi yetu, na nyanda za juu kusini hazikusalimika. Ukiwauliza wahusika kwa nini hawakwenda polisi au mahakamani, jibu huwa moja: mwizi atatoka kesho, mkono mtupu haulambwi. Wao hawatamki jina la Claudius, lakini wanasema kwamba hakimu ni upande wa mkosaji. Wakati mwingine si kweli. Wakati mwingine ni kweli. Na kila mara inapokuwa kweli, rushwa ya elfu kumi imenunua kiberiti.

KAZI YA MAKADA

Kutokana na uchambuzi huu tunapata mambo matatu ya kutenda.

Kwanza, kada asihubiri tu kwamba kisasi ni kibaya. Mahubiri hayo hata Claudius aliweza kuyatoa. Kazi ya kada ni kufuatilia kama Baraza la Kata limeketi, kama mkutano wa kijiji umeitishwa kwa wakati wake, kama aliyelalamika amejibiwa, na kama anayechukua rushwa amefikishwa panapohusika hata akiwa mwenzetu.

Pili, hapana budi kuwatetea wale ambao fidia na kisasi vya zamani viliwageuza malipo, nao ni wanawake, wajane na wazee. Kifungu cha 68 kisomwe katika mikutano ya vijiji kwa lugha wanayoielewa watu, maana haki isiyojulikana na mwenyewe ni kama haipo.

Tatu, turudishe jukwaa. Mwaka 1982 na 1983, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kijiji cha Malya, Mkoa wa Mwanza, wakaishi na wananchi, wakachambua nao matatizo yao na kuyaigiza, kisha mjadala ukafuata. Njia hiyo inafaa Vwawa, Ileje na Momba. Vijana wa sekondari wanaweza kuchukua kifo cha Cinna peke yake, dakika chache tu, wakakicheza sokoni Tunduma kwa lugha ya sokoni. Kisha waache kucheza na kuuliza: nani hapa alimwuliza jina la pili? Wakae kimya wasubiri jibu.

Wazee wa Wativ walitaka kijana yule apelekwe barazani. Narwimba alitaka mtu wa kumkinga. Wananchi wa Ngarambe walitaka mkono wa mnyapara uondolewe. Madai haya yote ni dai moja. Pale dai hilo linaposikilizwa, Hamlet hubaki kuwa tamthilia nzuri ya kusomwa darasani. Linapopuuzwa, yeye hutoka kitabuni, na Fortinbras yuko njiani.